Gurnah aliujuaje wakati wa Mjerumani?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha sekondari hapa Pangani na nimeanza kuandika riwaya kuhusu mji wetu zama za Mjerumani. Mhusika wangu mkuu ni akida, yule mtumishi wa serikali ya Kijerumani aliyekusanya kodi. Nimeisoma Peponi ya Abdulrazak Gurnah nikastaajabu. Mtu huyu aliondoka Zanzibar akiwa kijana mdogo, na maisha yake karibu yote yamepita Uingereza. Misafara ya bara, wapagazi, watoto waliowekwa rehani, askari wa Mjerumani, hayo yote aliyajuaje? Na alipita njia gani hata akawa mwandishi wa riwaya za kihistoria?

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuianza kazi hiyo. Naanza na lile lenye faida kubwa zaidi kwako. Mengi ya yale yaliyokustaajabisha katika Peponi yana asili yake katika maandishi ya Waswahili wenyewe, yaliyoandikwa kwa Kiswahili, miaka ile ile ya Mjerumani. Gurnah hakutegemea wapelelezi wa Kizungu peke yao, wala hakukaa Canterbury, Uingereza, akajizulia tu. Ila njia iliyomfikisha kwenye maandishi hayo ilikuwa ndefu, kwa sababu hakuanza kama mwandishi wa mambo ya kale.

Alizaliwa Zanzibar tarehe 20 Desemba 1948, akakulia Malindi, jirani na bandari ya majahazi. Hilo la bandari lina uzito wake. Mtoto wa Malindi wa miaka ya 1950 aliwaona mabaharia wa Oman, Yemen, Ghuba na Bara Hindi wakija na kaskazi na kuondoka na kusi. Alisoma Qur'ani chuoni, akasoma shule yenye mtaala wa Mwingereza, na nyumbani akasikia hadithi za wakubwa na visa vya Alfu Lela Ulela. Kwa hiyo kabla hajashika kalamu alikuwa amekwisha kusikia habari za dunia zikisimuliwa kwa namna mbalimbali, na namna hizo hazikupatana.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalimkuta ana miaka 15. Miaka iliyofuata ilikuwa ya hofu, hasa kwa familia zenye asili ya Kiarabu kama yake: watu waliuawa, waliwekwa kizuizini, walifukuzwa nchini, mali zikachukuliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, akiwa na miaka 18 hivi, aliondoka kwenda Uingereza. Kurudi hakukuwezekana hadi mwaka 1984. Fikiria umri huo, ndugu yangu: kijana wa miaka 18 anaagana na mama na baba, na anapowaona tena ameshakuwa mtu mzima.

Uingereza aliyoikuta haikumkunjulia uso. Mwaka 1968 ndio mwaka ambao mbunge Enoch Powell alitoa hotuba yake ya kuwachochea watu dhidi ya wahamiaji. Gurnah alifanya kazi hospitalini kama mhudumu, akasoma chuo huko Canterbury, na alipokuwa na miaka 21 hivi akaanza kuandika. Alikuwa akijiandikia tu, kwa Kiingereza, ili ayapange mawazo yaliyomsonga. Baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Bayero, Kano, Nigeria, kuanzia 1980 hadi 1983, na katika kipindi hicho, mwaka 1982, akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Kent kwa utafiti kuhusu uhakiki wa riwaya za Afrika Magharibi. Kent ndiko alikofundisha hadi alipostaafu mwaka 2017. Nakutajia hayo kwa sababu watu husahau kwamba riwaya zake nyingi aliziandika akiwa mwalimu mwenye mitihani ya kusahihisha, kama wewe. Riwaya yake ya kwanza ilipochapishwa alikuwa na miaka 38.

Riwaya tatu za mwanzo, Memory of Departure ya 1987, Pilgrims Way ya 1988 na Dottie ya 1990, hazishughuliki na zama za kale. Ya kwanza ni ya kijana anayetamani kuondoka katika mji wa pwani uliojaa dhiki. Ya pili ni ya Mtanzania anayefanya kazi hospitalini katika mji wa Kiingereza wenye kanisa kuu. Ya tatu ni ya mwanamke mweusi aliyezaliwa Uingereza ambaye hajui vizuri majina yake yametoka wapi. Mimi huona kuwa ni katika Dottie ndipo macho yake yalipoanza kugeuka nyuma, maana yule mwanamke anaanza kuulizia wazee wake walikuwa nani, na mwandishi naye hakuliacha tena swali hilo.

Mgeuko wenyewe una kisa ambacho Gurnah amewahi kukieleza. Aliporudi Zanzibar mwaka 1984 alimwona baba yake, mzee sasa, akivuka kwenda msikitini. Akawaza: mzee huyu alikuwa mtoto siku zile Wazungu wanajikita katika nchi hizi. Mtoto wa wakati ule aliona nini? Alielewa nini kuhusu wageni wale? Baba hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Mnamo 1990 Gurnah alisafiri Afrika Mashariki kwa ajili ya utafiti, na safari hiyo ndiyo iliyozaa Paradise, iliyotoka mwaka 1994 na ambayo sisi sasa tunaisoma kama Peponi.

Sasa tufike kwenye swali lako hasa.

Katika miaka ya 1893 hadi 1896 alikuwepo Dar es Salaam mkalimani wa serikali ya Kijerumani aliyeitwa Carl Velten. Huyu aliwaomba watu wa pwani wamwandikie habari za safari zao na desturi zao, kwa lugha yao. Mwaka 1901 akachapisha Safari za Wasuaheli, na mwaka 1903 Desturi za Wasuaheli. Katika kitabu cha safari yumo Selemani bin Mwenye Chande, anayesimulia msafara wake wa biashara kwenda bara: kukusanya bidhaa, kuajiri wapagazi, kutoa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa kila mtemi njiani, njaa, maradhi, na kuporwa na mtemi mmoja ambaye jina lake ni Chata. Sasa kumbuka msafara wa tajiri Ami Aziz katika Peponi, na mtemi Chatu anayewanyang'anya mali na kuwashikilia. Wahakiki wameuona undugu huo zamani. Katika kitabu hicho hicho yumo Selim bin Abakari, aliyefuatana na Mzungu wake hadi Urusi na Siberia. Katika Peponi nako watu wanakaa barazani wanapiga soga za mtu aliyefika Urusi, akaona nchi ambayo jua halitaki kuchwa na akakuta Waislamu huko. Msomaji asiyejua hudhani ni njozi za mwandishi, kumbe Mswahili wa kweli alifika huko na akaandika.

Maandishi ya aina hiyo ni mengi kuliko tunavyodhani. Tippu Tip alieleza maisha yake kwa Kiswahili, na maelezo hayo yalichapishwa. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyetoka upande wa Bagamoyo, ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya Desturi, kisha akaenda Berlin kufundisha Kiswahili na akafia huko mwaka 1927. Na kwa ajili yako wewe wa Pangani, yupo Hemedi bin Abdallah el-Buhriy na utenzi wake wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, yaani Wajerumani kuitawala pwani, unaosimulia yaliyotokea pwani yenu kuanzia 1888. Usiandike sura hata moja zaidi kabla ya kuusoma.

Lakini uyasome kwa uangalifu. Yale ya Velten yaliandikwa kwa ombi la mtu wa serikali iliyokuwa na askari na kiboko. Mwandishi aliyejua kuwa bwana mkubwa ndiye msomaji wake wa kwanza alichagua maneno. Isitoshe, wengi wao walikuwa wafanyabiashara au watu wa karibu na wafanyabiashara. Wanawataja wapagazi kwa idadi, watumwa kwa bei, na watu wa bara kama washenzi. Humo sauti ya anayebeba mzigo haisikiki.

Na hapa ndipo ninapomvulia Gurnah kofia. Hakuichukua safari ya Chande akaitafsiri kwa Kiingereza na kuipamba. Alibadilisha macho. Msafara ule ule unaonwa na Yusuf, mtoto wa miaka 12 aliyetolewa na baba yake kwa tajiri ili kufidia deni. Hana mali, hana kauli, haelewi hata kwa nini amepandishwa garimoshi. Anamwita tajiri "Ami" mpaka Khalil, kijana wa dukani aliyewekwa rehani kabla yake, anapomzindua kuwa yule si ami yake hata kidogo. Kwa macho ya mtoto huyo biashara ya misafara haiwezi tena kuonekana kama enzi ya fahari. Inaonekana vile ilivyowaumiza watu.

Watu wa pwani wengine hawakulipenda hilo. Wapo waliotaka riwaya ya kuonyesha kwamba kabla ya Mzungu sisi tulikuwa na ustaarabu, majumba, elimu na bustani. Gurnah anaionyesha bustani hiyo, ina maji na makomamanga, na ndani yake kuna mwanamke aliyefungiwa na watoto waliowekwa rehani. Kisha Mzungu anafika, na mambo yanakuwa mabaya kwa namna nyingine. Anapofika kwa Chatu anaamuru mali irudishwe, na wafanyabiashara wanatambua papo hapo kwamba anayeamuru sasa si wao wala Chatu. Sijaona ukurasa wa historia ulioeleza mwanzo wa ukoloni kwa ufupi na ukamilifu wa namna hiyo.

Juu ya msingi huo akajenga kisa cha Nabii Yusuf. Bibi wa nyumba anaitwa Zulekha, kijana ni mzuri wa sura, na kanzu inachanwa kwa nyuma. Msomaji Mwislamu anangoja mwisho anaoujua, Yusuf kutukuzwa. Gurnah anamnyima. Yusuf wake anamwacha Amina anayempenda na kukimbilia safu ya askari wa Mjerumani, wale wale waliokuwa wakimtisha. Wanafunzi wangu wengi hukasirishwa na mwisho huo. Mimi naona ndio wa kweli. Mtu asiye na pa kwenda huenda kwa mwenye nguvu, na maelfu ya askari wa Mjerumani walikuwa vijana wa namna hiyo.

Zingatia pia kwamba riwaya yenyewe karibu haina tarehe. Wakati unaujua kwa reli inayojengwa, kwa Wazungu wawili wanaosimama stesheni, kwa uvumi kwamba Mjerumani anakula chuma. Waandishi wanaoanza riwaya za kihistoria hupenda kutuambia mwaka katika kila sura, kisha wakatutolea darsa. Wewe ni mwalimu, kishawishi hicho kitakujia mara nyingi kuliko wengine.

Riwaya zilizofuata nazipita upesi. Admiring Silence ya 1996 ni ya mhamiaji anayemdanganya mwenzi wake Mwingereza kuhusu nyumbani alikotoka. By the Sea ya 2001 inaanza na mzee kutoka Zanzibar anayeshuka uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, na kikasha cha udi, na polepole inarudi nyuma hadi kwenye ugomvi wa nyumba na madeni kati ya koo mbili. Desertion ya 2005 inaanza mwaka 1899 katika mji wa pwani ya Kenya, Mwingereza anapookotwa hoi alfajiri na mwadhini. Hiyo isome kwa ajili ya jambo moja: msimulizi anakiri waziwazi kwamba hajui walipendanaje Mwingereza yule na Rehana, dada wa mwadhini, kisha anasimulia hivyo hivyo. Pale ambapo kumbukumbu za familia zimekatika hakujifanya kwamba hazikukatika.

Afterlives ya 2020 ndiyo iliyo karibu zaidi na kazi yako. Inaanza katika mji wa pwani usiotajwa jina, vita vya Abushiri vikiwa bado havijasahaulika, inapita Maji Maji, inaingia Vita vya Kwanza vya Dunia, na inaendelea hadi baada ya uhuru. Ilyas, aliyetekwa utotoni na askari na kusomeshwa na Wajerumani, anajiunga na jeshi lao kwa hiari. Dada yake Afiya anapigwa hadi mkono unavunjika kwa kosa la kujua kuandika. Hamza anajitolea jeshini, na ofisa wake anamfundisha Kijerumani huku vita vikiendelea kula watu. Vita hivyo vilimalizika tarehe 25 Novemba 1918, kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alipoweka silaha chini Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, Zambia, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Wapagazi waliokufa kwa njaa na maradhi ni makumi ya maelfu, na wengi hawana hata kaburi lenye jina.

Mwisho wa Ilyas, anayefia Ujerumani katika kambi ya mateso ya Wanazi ya Sachsenhausen, umewashtua wasomaji wengi wakadhani mwandishi ametia chumvi. La hasha. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akawa askari mtoto upande wa Wajerumani, akahamia Berlin mwaka 1929, akafanya kazi ya kuhudumu hotelini na kuigiza katika filamu, akakamatwa mwaka 1941 kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mweupe, na akafa Sachsenhausen mwaka 1944. Gurnah alimpa Ilyas mkasa unaokaribiana sana na huo. Ukiniuliza, sehemu hii ya mwisho imekimbizwa mno, inasomeka kama ripoti baada ya kurasa nyingi za maisha ya taratibu ya Hamza na Afiya. Ningependa apewe sura nzima. Hata hivyo sijui riwaya nyingine iliyomfuata askari wa Mrima mpaka kule.

Kuhusu heshima alizopata: Paradise iliingia orodha fupi ya Tuzo ya Booker mwaka 1994, kisha kwa zaidi ya robo karne alibaki mwandishi anayesifiwa na wahakiki na kusomwa na wachache. Tarehe 7 Oktoba 2021 akatangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Katika mhadhara wake wa Desemba mwaka huo alieleza kwamba aliona historia mpya, iliyorahisishwa, ikijengwa juu ya yale yaliyotokea na kuyafuta, na kwamba kuandika ulikuwa wajibu wa kuikataa. Mwaka uliofuata Ida Hadjivayanis akatutolea Peponi kwa Kiswahili, kupitia Mkuki na Nyota. Miaka 28 ilipita kabla kitabu kilichonyonya maandishi ya Kiswahili hakijarudi katika Kiswahili. Jambo hilo hunichoma kila ninapolifikiria.

Kwa hiyo wewe una nafasi ambayo yeye hakuwa nayo. Unaandika kwa lugha ile ile ya Chande na Hemedi, na unaishi mahali penyewe. Wala hutakuwa wa kwanza. Adam Shafi aliandika Kuli, iliyotoka mwaka 1979, kuhusu makuli wa bandari ya Zanzibar na mgomo wa 1948, na amethibitisha kwamba riwaya ya kihistoria ya Kiswahili inaweza kusimama kwa miguu yake. Faili za utawala wa Kijerumani zipo Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ingawa utahitaji mtu anayesoma mwandiko wa Kijerumani cha kale. Kwa upande wa Zanzibar nenda Nyaraka za Kilimani. Kuhusu Pangani yenyewe mtafute Jonathon Glassman, mwanahistoria aliyeandika Feasts and Riot, kitabu cha mwaka 1995. Yeye anaonyesha kwamba mwaka 1888 waliosimama kupinga hawakuwa matajiri na viongozi tu. Walikuwamo wapagazi, watumwa wa mashamba ya miwa na watu wa bara walioingia mjini, na kila kundi lilikuwa na madai yake, hata dhidi ya matajiri wa mji. Abushiri alinyongwa hapo kwenu mwezi Desemba 1889. Waulize wazee ni habari gani zilizosimuliwa majumbani mwao kuhusu siku ile, na uandike pia zile zinazopingana.

Limebaki la akida wako. Akida ni mhusika mzuri, kwa sababu alisimama kati ya Mjerumani na watu wake, akikusanya kodi huku naye akiogopa. Lakini ndiye pia mtu ambaye faili za serikali zimejaa habari zake, na hatari ni kwamba utaishia kuona kila kitu kwa macho yake, kama Chande alivyoona kwa macho ya tajiri. Kabla hujaendelea, chukua sura moja uliyokwisha kuiandika, ile ya kodi kama unayo, uiandike upya kwa macho ya mtu mmoja wa nyumbani kwake asiyeulizwa chochote: mpishi, mke mdogo, au mtoto wa mdaiwa anayefagia uani. Mpe jina na ukoo, mpe jambo analolitaka. Kisha ziweke sura zote mbili mezani na uone ni ipi inayokutaka urudi kuiandika kesho yake.